Munganga wa Nyama na Homa ya Tenke

Alizaliwa wapi na kwa nani, sijui. Sikumwuliza, naye hakuwa mtu wa kueleza. Hapa Kolwezi tulimwita Munganga wa Nyama, yaani daktari wa mifugo, maana kwetu kuku, mbuzi na nguruwe wote ni nyama hata wakiwa bado wanatembea. Ofisini kwake nadhani walikuwa na jina lake. Sisi hatukulihitaji.

Kabla sijaenda mbali niseme jambo moja, maana mi ni mtu wa kupotea njia nikianza kusimulia, na hili sitaki lipotee. Mwaka ule nguruwe walipokufa Kolwezi kisha wakafa Tenke, watu walisema yeye ndiye aliyepeleka ugonjwa huko kwa viatu vyake. Yeye mwenyewe aliamini hivyo. Haikuwa kweli. Niliupeleka mimi, nilijua, na nilinyamaza miaka kumi na miwili. Mkisoma haya mengine juu yake, mjue kwamba anayeyaandika ndiye aliyemkosea.

Basi, viatu. Alivaa bote za mpira, zile ndefu za wachimbaji, wakati wa mvua na wakati wa vumbi. Akifika mlangoni mwa lupango wako, yaani kiwanja chako na nyumba yake, alisimama. Ukimnyooshea mkono, alirudisha wake mgongoni.

“Usinipatie mukono kwanza, tata. Unipatie mayi.”

Ulimletea ndoo. Alitoa chupa ya javel, dawa ya kuua vijidudu, mfukoni, akatia kidogo ndani ya maji, akakaa juu ya jiwe na kusugua nyayo kwa burashi ya nguo, halafu kwa kijiti akachokonoa udongo uliojificha katikati ya mistari. Hakuwa na haraka. Unaweza kuwa na nguruwe anayekata roho nyuma ya nyumba, yeye anachokonoa. Wakati wa kutoka, vilevile. Mke wangu, Mama Batoto, alikasirika siku ya kwanza, akamwambia kwamba kwetu tunafagia kila asubuhi. Yeye akajibu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba haoshi uchafu wetu, anaosha uchafu wa jirani alikotoka. Jirani alikuwa upande wa pili wa ukuta akianika nguo, akasikia. Miezi mitatu hatukusalimiana na mama yule, na Munganga hakujua hata kidogo alichofanya.

Majina ya watu hayakumkaa kichwani. Alitujua kwa mifugo yetu. Kulikuwa na Mama wa Bata, kulikuwa na Tata wa Mbuzi Mweupe, na pasta mmoja aliyebaki Tata wa Kuku Watatu hata baada ya kuku wake kujaa banda. Mimi nilikuwa Tata wa Nguruwe Saba. Kweli walikuwa saba siku alipoanza kuniita hivyo. Baadaye walizaliana, nikauza, tukala, hesabu ikapanda na kushuka, jina likabaki palepale.

Kuku alizungumza nao Kifaransa. Akiwatia dawa machoni, ile ya kuzuia ugonjwa unaofagia kuku wakati wa vumbi mpaka unaamka na ua mzima umelala chali, alimshika kuku chini ya kwapa na kumwambia, “Doucement, madame, doucement,” yaani polepole, mama, polepole. Nilimwuliza kwa nini kuku wa Kasulo, mtaa wetu huu, aambiwe Kifaransa. Alisema ofisini wakubwa wanakicheka Kifaransa chake, na kuku hajawahi kumcheka. Dawa hiyo aliibeba kwenye sanduku la barafu, na juu ya sanduku hilo alikuwa mkali. Siku ya joto watu walimbembeleza wapoze humo chupa moja tu ya Fanta. Alikataa hata kwa bibi harusi.

Tena alikuwa munganga anayeogopa mbwa. Hilo watu walilifurahia sana. Mwenye malewa, yule mama anayepikia wachimbaji bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo pale kona ya barabara, alikuwa na mbwa mzee, kipofu wa jicho moja. Munganga akipita alihamia upande wa pili wa njia. Mama akampigia kelele:

“Weye munganga, unaogopa imbwa? Ile imbwa hata meno haina!”

Hakukasirika. Aliendelea na njia yake ya upande wa pili. Siku moja tu alinieleza, tukiwa tumekaa tunangoja maji ya chokaa yapoe. Alisema zamani, upande wa Sandoa, alimshika mikono mtu aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa. Mtu yule alikuwa na kiu lakini akiona kikombe mwili wote unaruka. Alisema alimshika siku mbili. Sikumcheka tena, ingawa sikuwazuia wengine.

Na hapo nafika kwenye jambo lililotufanya tumheshimu na kumpuuza kwa wakati mmoja. Mtu yule hakuweza kudanganya. Homa ya nguruwe ilipoingia mjini, nguruwe alianza kukataa chakula, masikio yakawa mekundu halafu rangi ya bilinganya, akajikunja kwenye kona, basi, amekwisha. Hakuna dawa, hakuna sindano. Munganga alipita akisema msiuze nyama yake, msiile, msimwage maji mliyooshea, kwa sababu nguruwe mwingine akila makombo hayo naye anakufa. Watu wakamwuliza swali moja tu: mtu akila, anaugua? Akajibu hapana, mtu haugui, ugonjwa huu ni wa nguruwe peke yake. Ungeona nyuso zilivyofunguka. Jumapili ile Kasulo yote ilinuka nyama ya kukaanga. Makombo ya malewa yakarudi mabandani kwa ndoo, kama kawaida yetu, na nguruwe wakaendelea kuanguka.

Mimi nilimwambia, Tata Munganga, ungewadanganya kidogo. Ungesema tumbo litapasuka. Wangeogopa, wangezika.

“Nikibadanganya leo juu ya nguruwe,” alisema, “siku nitasema imbwa ya fulani iko na kichaa, nani atanisikia?”

Naye alipenda nyama ya nguruwe kuliko sisi wote. Miezi ile hakuigusa. Alikula bukari na dagaa, akiangalia sahani za wengine kama mtu anayesoma barua isiyo yake.

Sasa shimo. Hili lisingeweza kutokea mahali pengine. Amri yake ilikuwa hivi: lupango wenye nguruwe mmoja mgonjwa, wote wauawe, hata wazima, wazikwe kwenye shimo refu kupita mtu, chokaa juu. Alianza kwa jirani yangu wa nyuma, aliyekuwa na nguruwe kumi na mmoja. Kuchimba kwetu si shida. Vijana wanne wa mtaa, watu waliozoea kushuka chini ya nyumba za wazazi wao kutafuta kobalti, walikuja na machepeo. Asubuhi nguruwe wakauawa, wakalazwa chini ya turubai. Kabla ya adhuhuri vijana wakapita urefu wa mtu. Munganga akasema inatosha. Mmoja akajibu kutoka chini kwamba angoje kidogo. Kisha wakanyamaza wote, na sisi watu wa Kasulo tunajua maana ya wachimbaji wanne kunyamaza pamoja. Jiwe jeusi, kobalti.

Munganga aliinama ukingoni. Aliwaambia shimo hili ni la nguruwe. Yule aliyekuwa chini kabisa akainua uso wenye vumbi.

“Tata, nguruwe imeshakufa, haina haraka. Siye njo tuko bazima.”

Wakachimba siku ile yote. Mwenye lupango, aliyekuwa anawalilia nguruwe wake asubuhi, jioni alikuwa anashona magunia. Munganga aliwamwagia nguruwe chokaa, akafunga turubai kwa mawe, akalinda, akiangalia huku na huku mbwa wasije, na hofu ile aliyokuwa nayo. Siku ya pili akapatana nao: endeleeni na shimo lenu, lakini mnichimbie jingine kule ukutani. Wakachimba la ukutani. Nalo likatoa jiwe jeusi. Siku ya tatu wakajaribu karibu na choo, na hapo ndipo nilipomwona Munganga anacheka, mara moja tu katika miaka yote. Alikaa chini kabisa, bote zimenyooka mbele yake, akasema mtaa huu wote hauna mahali pa kuzika nguruwe. Mwishoni walizikwa mbali, kando ya reli, kwa mkokoteni.

Siku tatu. Mimi ndiye niliyefuata kwenye orodha yake. Mwaka ule hesabu yangu ilikuwa imerudi saba, naye aliijua: wawili walikuwa wamekwisha kufa, wanne walikuwa wamelala vibaya, na mmoja, jike kubwa lenye tumbo la watoto, alikuwa anakula kama kwamba hakuna kilichotokea. Nilimwangalia siku ya kwanza. Siku ya pili lilipita lori la makala, yaani mkaa, linalorudi tupu upande wa Fungurume. Dereva nilimjua. Tukampandisha jike, tukamfunika magunia, nikamtuma kwa dada yangu mdogo aliyeolewa Tenke. Nilimwambia amfiche mpaka mambo yapoe, na akiulizwa aseme ametoka kijijini. Mama Batoto alisimama mlangoni ananiangalia nikifunga kamba. Aliniuliza kitu kimoja.

“Kama iko mugonjwa?”

Nikamwambia anakula. Nguruwe anayekula si mgonjwa. Hivyo ndivyo nilivyojua mimi mambo.

Munganga alipofika kwangu siku ya nne, akaosha bote, akaingia, akahesabu. Wawili wamezikwa, wanne wako hapa.

“Tata wa Nguruwe Saba,” alisema, “ya saba iko wapi?”

Nikamwambia ilitangulia kufa, tukaila. Alinitazama, akatikisa kichwa, akaendelea na kazi. Aliniamini. Mtu asiyedanganya ana udhaifu huo, anadhani sisi wengine tunafanana naye.

Kutoka hapo yaliyotokea Tenke ni mafupi. Siku sita baada ya lori, Munganga alikwenda Tenke, aliitwa na wafugaji wa parokia awafundishe namna ya kujikinga. Aliosha bote kila mlango. Aliingia malupango kumi na moja, wa kwanza wa dada yangu, kwa sababu uko karibu na stesheni. Dada alikuwa amelificha jike jikoni. Siku tatu baada ya Munganga kuondoka, jike likaanguka. Dada na mume wake waliogopa, wakalichinja kimya, wakagawa nyama kwa majirani wakisema ni ya sherehe ndogo, na maji ya kuoshea yakaenda yanakokwendaga siku zote. Majuma mawili hayakupita, nguruwe wa Tenke wakaanza kufa, lupango kwa lupango, karibu kwa mfuatano uleule Munganga alioupitia. Watu wakaunganisha mambo. Mgeni mmoja tu alikuwa ametoka Kolwezi kwenye homa akaingia kwenye mabanda yao. Katekista wa pale, mtu mwenye adabu, alimwandikia kwamba wanamwomba asirudi.

Dada alinitumia habari kupitia mtu wa lori: ni lile jike. Nikajibu kwa mtu yuleyule: nyamaza.

Baada ya barua ile Munganga alibadilika, nasi tukaelewa vibaya. Aliacha kuingia malupango ya watu. Alisimama njiani, nje ya ua, akataka umletee kuku mlangoni, akakueleza kwa sauti kubwa dawa ya kuchanganya, nawe ukachanganya mwenyewe. Nguruwe wako akiugua, alikuuliza maswali kupitia ukuta. Wakasema amekuwa na majivuno. Wengine wakasema amezeeka, anaogopa mbwa wote sasa. Mara moja pasta, yule Tata wa Kuku Watatu, alimwambia ingia basi unywe maji, mbona unasimama kama mwenye deni. Akasema viatu vyake si vizuri.

Mimi nilikuwa palepale. Nilisikia. Ningeweza kusema siku ile, na siku nyingine nyingi. Mwanzoni niliogopa watu wa Tenke wasije wakamvunjia dada nyumba. Halafu nikaona aibu. Halafu, niseme ukweli, nikazoea. Mtu anazoea kitu kama hicho sawa na kelele za malori.

Mwaka huu, wakati wa vumbi, dada yangu alifariki. Tulikwenda Tenke kwa matanga. Siku ya pili mchana nimekaa na wanaume kwenye mabenchi, nikiwaza mambo ya jeneza na ya chakula, na katikati ya mawazo hayo likapita jingine, kwamba sasa hakuna mtu mwingine anayejua isipokuwa mke wangu. Mume wa dada na yule dereva wa lori walitangulia zamani. Sitaficha, wazo hilo lilinipa pumzi. Nilimlilia dada yangu na huku nikipumua.

Ndipo mtu akasema kuna mzee anasimama barabarani, haingii. Mwingine akachungulia, akasema, “Ule njo munganga wa bote,” na mabenchi mawili yakacheka kwa chini, kama watu wanavyocheka kwenye msiba.

Nikatoka. Alikuwa amekonda, suti ya kijivu, viatu vya ngozi vya kwenda misa, jicho moja limeanza ukungu. Nilimpa mkono, akaukataa kwanza kwa mazoea, kisha akaushika. Nilimwuliza amefikaje, akasema amepanda gari asubuhi. Nilimwambia haikuwa lazima, na safari yenyewe ni ndefu.

“Dada yako njo mutu moja tu wa Tenke alinisamehe,” alisema. “Kila mwaka alinitumiaka uyoga. Ya kukauka, ndani ya kitambaa. Mutu anaweza kuwa na nguruwe zake zote zimekufa sababu yako, na anakutumia uyoga.”

Sikujua habari ya uyoga. Miaka yote ile dada hakuniambia. Nilisimama na mkono wake ndani ya mkono wangu, na nikaona kwamba nikinyamaza sasa, nitakuwa namzika dada yangu na uongo wangu juu yake.

“Hakukusamehe, Tata Munganga,” nilisema. “Hakukuwa kitu ya kusamehe. Ile ugonjwa, njo miye niliituma. Ile nguruwe ya saba.”

Nilidhani atanipiga, au atakaa chini. Aliuliza siku. Ulimpakia siku gani? Siku ya pili ya shimo. Alikuwa anakula? Anakula. Alianguka lini? Siku tatu baada ya weye kupita hapa. Alifumba macho, vidole vyake vikawa vinagusa kidole gumba kimoja kimoja. Akauliza tena, siku tatu, si siku kumi? Tatu. Dada aliniambia tatu.

“Siku tatu ni kidogo,” alisema. “Kama ni miye, haingeanguka na siku tatu. Ilikuja nayo.” Akafungua macho. “Hawakuniambia juu ya jike. Waliniambia tu ya zile zingine, zile zilikufa kisha.”

 Lori lilipita, tukageuza nyuso kukwepa vumbi. Mimi nikaanza kusema maneno ya kuomba radhi, mengi, yasiyo na mpangilio, mpaka akaniinulia kiganja. Hakusema amenisamehe. Hajasema mpaka leo. Aliuliza tunazika lini, nikamwambia leo jioni. Akasema basi kesho asubuhi nimkute mbele ya parokia, tutapita nyumba kwa nyumba, zote kumi na moja, kwa mfuatano uleule.

Asubuhi alikuwa amekwisha fika. Alizikumbuka zote, kuanzia ya dada. Hapa walikuwa nguruwe wanne na dume moja baya, hapa wawili, hapa jike lenye watoto tisa. Akibisha, anaingia ndani ya ua mbele yangu, anasalimu, anasema huyu ana neno, halafu anarudi nyuma hatua moja. Nami nasema. Nyumba ya pili mama mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akanitukana mimi na ukoo wangu, akaniambia nishukuru dada yangu bado hajapoa kaburini. Nyumba ya tano alikuwa yule katekista, mzee sasa, hasikii vizuri. Ilinibidi nirudie kwa sauti, majirani wakasikia wote. Alipoelewa aliinuka, akavuta kiti chake mwenyewe, akakifuta kwa mkono wa shati, akakiweka mbele ya Munganga, na yeye akabaki amesimama. Munganga alikaa kidogo, kwa heshima, kisha tukaendelea. Nyumba ya saba walicheka tu, wakasema walishuku zamani, nyama ile ya sherehe ndogo ilikuwa ya sherehe gani. Munganga akawauliza kama walishuku, kwa nini hawakusema. Mimi sikuwa mtu wa kuwalaumu.

 Jua lilipanda. Mara mbili nilimwuliza kama amechoka.

Nyumba ya kumi na moja iko mwisho kabisa, karibu na njia ya kwenda mgodini. Mlango ulifunguliwa na kijana na mke wake, amebeba mtoto mgongoni. Hawakuwa watu wa pale, walikuwa wamehamia mwaka huo kufuata kazi, na mahali palipokuwa banda la nguruwe walikuwa wameegesha pikipiki. Mwenye nyumba ya zamani, walisema, alikwenda Likasi, au alikufa, hawajui vizuri. Wakatukaribisha, wakauliza wazee wanatafuta nani.

Nikamgeukia Munganga. Nilidhani tumemaliza.

“Sema tu,” aliniambia.

Nikavua kofia. Nikawaambia wale vijana kwamba miaka kumi na miwili iliyopita, katika lupango huu, kulikufa nguruwe watatu, na mtu aliyeleta ugonjwa ni mimi.